Leta Chuma, Makaa ni Yangu

10 Februari

Ng'ambo ya mpaka wamefunga makaa tena. Safari hii hata wale akina mama wanaovusha gunia moja moja kwa baiskeli, kule chini mtoni, wamerudishwa. Gunia likabaki, na baiskeli ikabaki nalo. Hapa Malaba gunia lililokuwa elfu moja na mia mbili limefika elfu mbili na nusu, na ukilitikisa linalia kama kapu la maganda ya njugu. Nimemwuliza muuzaji kwa nini gunia lake lina shingo ndefu na tumbo dogo.

"Madam, kama hutaki acha."

Nimeacha. Mtu ambaye mwaka jana alinikimbiza hadi mlangoni nichukue kwa deni, leo ananiambia niache.

Mwamba wa Tororo uko wazi kabisa, hakuna hata wingu la kuufuta jasho. Tuna mwezi mmoja kabla ya mvua.

12 Februari

Kijana wa mikopo alikuja na viatu vilivyochongoka, akasimama mlangoni kwa karakana akiogopa masizi. Akaona vyuma vilivyoning'inia ukutani, akaniuliza kama ni mapambo.

Mapambo! Mtu amezaliwa Nambale, amekula mahindi ya Nambale, hajui ulimi wa plau. Nikamweleza polepole kama ninavyomweleza mlevi: huu ndio unaokata udongo, ng'ombe wakivuta. Mawe ya huku kwetu huula ncha kila mwaka. Kabla ya mvua mwenyewe anauleta, fundi wangu Emojong anakata springi ya lori, anatia vyote viwili motoni hadi viwe vyeupe, anavipiga juu ya kipande cha reli mpaka viwe kitu kimoja. Mwenyewe anaenda kulima. Bila hiyo ncha, ng'ombe wanavuta fimbo tu.

"Kwa hivyo hizi zote ni za watu?"

"Thelathini na nane. Zote za watu."

"Na unangoja nini?"

Hapo ndipo nilipomwonyesha mlango.

13 Februari

Makaa bado.

15 Februari

Amuron amekuja na ulimi wake begani, na debe la makaa kichwani. Huyu ni yule mjane wa Kamuriai mwenye ng'ombe wawili, anayelima mashamba ya watu kwa kukodiwa. Ulimi anao huo mmoja. Na kila mwaka ni hadithi ile ile: debe.

Nimemwonyesha ukuta wa nje. Maandishi ni mekundu na ni makubwa, nilimlipa mchoraji vizuri: LETA CHUMA, MAKAA NI YANGU. Zamani ilikuwa ukienda kwa mhunzi unabeba na makaa yako, debe moja kwa kila chuma. Mimi ndiye niliyeiua hiyo tabia. Niliona watu wanatoka Angurai na chuma begani na debe kichwani kama wanahama nyumba, nikasema hapana, hapa lete chuma peke yake. Ndiyo maana kuta zangu zimejaa na za wenzangu zina buibui. Sikuanza na karakana. Nilianza na ndoo ya mayai ya kuchemsha, nikipita katikati ya malori kwenye foleni, na foleni ya Malaba ni ndefu ya kumlisha mtu mwenye miguu. Yai kwa yai nikanunua feni ya kupuliza moto, nikanunua koleo, nikamwajiri Emojong. Sikupewa na mume wala na mbunge.

"Amuron, hujui kusoma?"

"Najua, dada."

"Sasa?"

"Ukuta ni wako. Chuma ni changu. Chuma kikiivia makaa ya mwenyewe hakimgeuki shambani."

Ushamba mtupu. Nimelipokea debe kwa sababu makaa ni makaa, nikaliweka nyuma. Natumia kupikia chai.

18 Februari

Emojong ana mikono ya dhahabu na kichwa cha bata. Leo ameniambia, akikwaruza ukucha, "Mama, si tuambie wenye ndimi kila mtu alete debe moja? Hata kwao miti iko. Wachome kidogo kidogo."

"Na ule ukuta tuufanye nini? Tuufunike na blanketi?"

Akarudi kwenye ukucha wake. Amezoea kunyamaza, anadhani ni busara.

Nikisema leo lete makaa, kesho watasema Akwii amefilisika, na keshokutwa wataenda kwa Elungat kununua ndimi mpya za dukani, zile bati zinazojikunja zikigusa mzizi. Hapana. Malori yanayopeleka makaa ya mawe kwenye viwanda vya ng'ambo yanapita mbele ya macho yangu kila siku. Makaa ya mawe ni makaa. Kama yanachoma saruji yatashindwa na ulimi wa plau?

21 Februari

Kuna mtu anaitwa Hillary. Anavaa koti la suti na malapa. Kazi yake ni simu. Hana duka, hana stoo, hana hata kiti, lakini ukitaka injini ya meli atakuambia iko Bumala inangoja sahihi.

"Boss lady, makaa ya mawe? Hiyo ni kitu kidogo. Unataka tani ngapi?"

"Magunia manne."

Akasikitika kidogo kwa ajili yangu. "Sawa. Kwa sababu ni wewe."

Nimemwambia atapima kwa mizani yangu, na nitalipa nusu. Akasema naongea kama mtu ambaye ameumizwa. Nikamwambia naongea kama mtu anayejua hesabu.

24 Februari

Hillary ameleta. Magunia yamepigwa maji hadi yanavuja, ili yawe mazito. Hilo nililitarajia, nikakata kilo za maji mbele yake na akatabasamu kama mtu aliyeshikwa na mamake. Nilifungua gunia moja, makaa ya mawe kweli, meusi yanang'aa. Nikalipa nusu.

Mchana Emojong amefungua la pili. Juu makaa, chini kokoto za reli. Kokoto! Amezipaka oili chafu zikawa nyeusi. La tatu hivyo hivyo, na la nne hivyo hivyo. Emojong, kichwa cha bata, alitia moja motoni ahakikishe. Imelipuka ikatoboa shuka la fundi viatu wa jirani.

Nimemkuta Hillary hotelini anakula ugali na omena. Nikammwagia karai zima la kokoto mezani. Nusu zilitua kwenye sahani.

"Madam, hata mimi nimeuziwa hivyo!"

"Basi zila. Umeuziwa, ni zako."

Watu walicheka. Pesa hakuna. Koti lina mifuko mingi na yote ni ya mapambo.

27 Februari

Watu watatu wamepita kuuliza ndimi zao. Nimewaambia wiki ijayo. Mwamba wa Tororo una wingu dogo, kama kofia ya mtoto.

3 Machi

Mtu akitaka kitu aende mwenyewe. Nimerudi kwenye foleni, mahali nilipoanza. Madereva wa siku zile wamezeeka. Mmoja akapiga honi: "Akwii wa mayai! Chumvi iko?" Miaka kumi na tano ya karakana, na mtu bado ananiona nikiwa na ndoo.

Nimempata Egesa, taniboi, yaani utingo, wa lori linalorudi tupu kutoka ng'ambo. Likishapakua, sakafuni hubaki makaa ya mawe ya kufagia, na kuyafagia ni kazi yake Egesa. Kwa kawaida anayamwaga kando ya barabara. Anayamwaga! Mimi nalia na kokoto, na mjinga huyu anamwaga makaa mtaroni ili lori liwe safi.

"Nifagilie kwa gunia," nikamwambia.

"Gunia ngapi?"

"Mpaka ufagio uishe."

Dereva akaitikia kwa kichwa. Magunia sita, makavu, nimeyamwaga yote chini na kuyachambua kwa mkono. Hakuna kokoto hata moja. Yana vumbi jingi, lakini ni makaa ya mawe.

5 Machi

Leo tumewasha.

Nimeandika tumewasha kwa urahisi, lakini ilichukua asubuhi nzima. Karatasi, haiwaki. Vijiti, haiwaki. Mwishowe nimetoa makaa ya debe la Amuron kidogo yakashika, tukamwaga ya mawe juu yake, Emojong akazungusha feni. Ukaja moshi. Si moshi wa kawaida. Ni wa manjano, mzito, unatambaa chini kama nyoka aliyeshiba, na harufu yake ni ya mayai viza. Mimi nimeuza mayai, naijua harufu hiyo kuliko mtu yeyote Malaba. Fundi viatu amefunga duka. Mama wa chapati amekuja kunitukana kwa Kiteso na kwa Kiswahili, na alipomaliza Kiswahili akarudi kwenye Kiteso.

Emojong akasema, "Mama, tungoje huu moshi uishe kwanza. Chuma hakipendi."

"Chuma kimekuambia?"

"Moto wenyewe mchafu."

"Na unachoma bure mpaka saa ngapi? Kila dakika ya moshi ni makaa yangu yanaenda mbinguni. Weka chuma."

Akaweka. Na moto ule ni mkali, lazima niseme. Ulimi uliokuwa unachukua nusu saa kwa makaa ya miti ulikuwa mweupe kabla sijamaliza kumkemea. Tukapiga saba. Ncha zimekaa vizuri, nyeusi, nzuri kwa macho. Wa kwanza ulikuwa wa Amuron, nimetaka aondoke na midomo yake.

Jioni nimemwagia moto maji. Emojong huacha moto ufe wenyewe, yeye na moto ni matajiri. Mimi nimeokota vile vipande vilivyobaki, vimeungua nusu, vyepesi, vya kijivu, vina matundu kama mkate. Makarai mawili. Siwezi kutupa kitu nilichokitafuta kwa miguu.

6 Machi

Amuron amechukua ulimi wake. Ameuzungusha, akaunusa. Akaunusa! Kama samaki wa Port Victoria.

"Makaa yangu yalitumika?"

"Yalitumika." Ni kweli, yaliwasha.

Wenye zile sita nyingine wamechukua pia. Wamelipa, wamesifu.

9 Machi

Egesa hajarudi, na yale magunia sita yamekwisha. Lori limekwama Mlima wa Mawe au wapi, hata yeye hajui. Thelathini na mbili zimebaki ukutani. Wingu limefika kiunoni mwa mwamba.

13 Machi

Mvua. Ilianza saa tisa, ikanyesha kama mtu aliyekumbuka ugomvi. Mabati yalikuwa yanapiga kelele hata sikumsikia mteja anayenitukana, nikamwona mdomo tu.

15 Machi

Sitasahau leo.

Amuron ameingia bila hodi, miguu tope hadi magotini. Ameweka vitu viwili juu ya kipande cha reli, kimoja kimoja. Ulimi, na ncha. Ncha imebanduka safi, kama gamba la kidonda.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Mizunguko mitatu," akasema. "Shamba la watu, wamenikodi siku nne. Nimefika mzunguko wa tatu, ng'ombe wakaanza kukimbia kwa sababu hawavuti kitu. Wenye shamba wamemwita mwingine."

Emojong alichukua ile ncha, akaonyesha ndani: upande uliotakiwa kushikana una ngozi nyeusi, laini. Haikushikana kamwe, ilibandikwa tu. Akairudisha juu ya reli.

"Dada, niambie ukweli," Amuron akasema. "Chuma changu kiliivia makaa yangu?"

"Kiliivia ya mawe."

"Yangu yako wapi?"

Nikasema nitamtengenezea upya, bila malipo, kesho. Akasema, "Kwa moto gani?" Akaacha vipande vyote viwili juu ya reli, akatoka mvuani.

Eti kwa moto gani. Mwanamke hajui hewa ya feni inaingilia wapi, lakini swali aliloacha ndilo hilo hilo ninaloandika hapa.

Na kuna sita nyingine mashambani.

16 Machi

Jumapili. Sikwenda kanisani, ningesikia nini huko.

Nilitaka chai. Makaa ya debe yamekwisha, nimeyanywa yote. Nikachukua vile vipande vya kijivu vya kwenye karai, nikavipiga na mafuta ya taa hadi vikashika, na vilichukua muda mrefu hata nikaanza kuvitukana. Birika likachemka. Nikamimina, nikanywa, nikamimina tena, ndipo nikashtuka.

Chai haikunuka mayai.

Hakuna moshi. Hakuna manjano. Jiko limekaa hapo linang'aa bluu kidogo pembeni, safi kama moto wa makaa ya mkwaju. Uchafu wote ulikuwa umetoka ile siku ya kwanza, ukaenda kwenye mapafu ya fundi viatu. Kilichobaki ndicho makaa yenyewe. Kumbe unayapika kwanza, yanatema ubaya wake, unayazima kwa maji, halafu ndipo unayaletea chuma. Kama muhogo mchungu: mbichi unakuua, ukiloweka ni chakula.

Emojong alisema tungoje moshi uishe. Alisema kwa sauti ndogo. Mtu mwenye neno la maana aliseme kwa sauti ya maana.

17 Machi

Nimekodi bodaboda siku nzima katika tope, shamba kwa shamba, kuzirudisha zile sita kabla hazijavunjika. Mbili zilikuwa zimeshavunjika. Mzee mmoja wa Amukura alinisikiliza hadi mwisho, akaita wajukuu: "Njooni muone fundi anayekuja kuomba kazi yake irudi!" Akanipa lakini.

Halafu makaa ya kuwashia. Yale ya kijivu hayashiki kwa karatasi, na kwa moto wa kuunganisha mafuta ya taa sithubutu. Nahitaji debe moja la makaa ya miti. Moja tu. Sokoni hakuna, mvua imelowesha hata yale maganda. Nikaanza kuomba. Mama wa chapati, anayo, nimeyaona chini ya meza.

"Akwii, si ukutani umeandika makaa ni yako?"

Fundi viatu: "Mimi sijui kusoma vizuri. Nisomee ule ukuta."

Hata Hillary, akipita na lile koti: "Boss lady, kokoto bado ziko."

Nimekaa karakanani hadi giza. Mvua ilipiga ukuta wa nje na rangi nyekundu haikutoka hata tone. Mchoraji nilimlipa vizuri mno.

18 Machi

Asubuhi nimemkuta Amuron mlangoni. Ana debe kichwani limefunikwa na nailoni.

"Yoga, dada," akanisalimia kwa Kiteso.

"Umeleta ya nini?"

"Nilijua yangu umemaliza."

Emojong alikuwa tayari ameshapokea debe, akawasha, yakashika bila maneno. Juu yake nikamwaga yale ya kijivu kwa mkono wangu, yote yaliyobaki kwenye yale makarai mawili. Amuron akasema feni atazungusha yeye. Nikataka kumwambia kwamba si kazi ya mteja. Nikamwachia.

Hakukuwa na moshi. Moto ulikaa katikati mdogo, mweupe, mtulivu, wa kuuma macho. Emojong akatoa ulimi na springi, vyote vinachuruzika nyota, akavipandisha juu ya reli, akapiga. Pigo la kwanza jepesi, ndiyo namna yake, la pili jepesi, halafu yale mazito. Alipomaliza akaupiga ulimi kwenye reli kwa nguvu zake zote mara tatu, kama anataka kuuvunja. Ulilia kama kengele. Ncha imekaa. Hata mahali pa kuungia hapaonekani.

Amuron aliungoja upoe, akaunusa.

"Dada."

"Nini?"

"Na lile debe langu la kwanza?"

"Nilipikia chai."

Akanitazama. Nikafikiri sasa ndipo atapiga kelele. Akacheka, akacheka hadi akakaa juu ya gunia la kokoto na gauni lake la kanisa.

"Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa."

"Basi ulimi ulivunjika kwa haki. Ulinyimwa chai yake."

Alitaka kulipa. Nimekataa. Akaacha pesa juu ya reli, nikazitupa ndani ya debe lake tupu, akazitoa akaniwekea mlangoni chini ya jiwe. Ni mkaidi kama punda wa Tanga Corner. Wale waliomwita mwingine wamemrudia, huyo mwingine alilima kama anachora.

20 Machi

Egesa amefagia magunia matano. Tunayapika kwanza nyuma, mbali na mama wa chapati, tunazima, ndipo tunaleta ndani. Emojong anasimamia moshi. Akisema bado, ni bado. Namwambia aseme kwa sauti.

24 Machi

Zimebaki tisa ukutani. Mvua kila jioni.

Leo nimemwita mchoraji afute nusu ya pili ya maandishi. Ametaja bei ya kufuta iliyo kubwa kuliko ya kuandika. Nimemfukuza, nikachukua oili chafu, ile ya kokoto za Hillary, nikapaka mwenyewe. Sasa ukuta unasema LETA CHUMA, halafu kuna doa.

Asubuhi hii wamekuja watu watatu, kila mmoja na chuma begani na debe la makaa ya kuwashia kichwani. Sikuwaambia. Sijui nani aliwaambia, ingawa najua nani anapita na ng'ombe mashambani kwao. Nimepokea madebe yote matatu. Moja lina makaa juu na vumbi tupu chini, na nimejua mara moja ni la nani, yule mzee wa Amukura mwenye wajukuu.

Nimemwambia asante.